Boriti ya Bi Mwanashehe

Hapo zamani, si zamani za majini, ni za juzi tu, alikuwapo mjane akiitwa Bi Mwanashehe. Mali yake ilikuwa moja: nyumba ya udongo iliyoezekwa bati. Aliishi humo na mwanawe Shebwana na mkwewe Zuwena. Watu wazima wote, na macho wanayo. Sikilizeni walivyoyatumia.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kumbikumbi wakamiminika kutoka kwenye ufa wa ukuta, chumbani kwa mama. Ndani ya nyumba, jamani, si shambani! Shebwana aliona nini? Aliona kitoweo. Akaleta beseni, akakinga, akakaanga, akalamba vidole.

"Riziki imetufuata nyumbani," akasema, mpumbavu yule.

Mama akaanza kusikia boriti ikitafunwa juu ya kitanda chake. Unga wa mti ukamwagika shukani. Akaogopa, akamwita Dachi, fundi wa wadudu. Dachi akajibu: "Nakuja Ijumaa. Msifagie, msipake kitu. Nataka niikute nyumba kama ilivyo."

Zuwena akasikia neno moja tu: nakuja. Mgeni aje, nyumba iwe chafu? Akakwangua njia za udongo ambazo mchwa walizijenga ukutani, akafagia unga, akaziba ufa, akapaka chokaa, akafukiza udi. Nyumba ikapendeza. Ndani, mchwa wakaendelea kula.

Dachi akaja. Aliiona chokaa mbichi? Aliiona. Aliuliza? Thubutu! Pilau ilishapakuliwa. Akala, akashiba, akatupa jicho juu.

"Mama, kuna tatizo?"

Na mama, aliyemwita mwenyewe kwa hofu, akaona haya kuiaibisha nyumba yake mbele ya mgeni. "Aa, tunashukuru Mungu."

Dachi akanawa mikono, akaenda zake. Hakugonga hata boriti moja.

Haukupita muda, boriti ikakatika, ikamwangukia mama amejipumzisha mchana. Nyonga ikavunjika. Hakutembea tena.

Akawaita wote, na Dachi pia. "Mwenye kosa atanibeba mgongoni mpaka nife. Chooni, msibani, harusini. Haya, semeni."

Shebwana akasema, "Mimi niliwapunguza wadudu kwa kuwala! Zuwena ndiye aliyefuta dalili."

"Nilifuta, na wewe bwana ulizitafuna!" akasema Zuwena. "Mimi nilitunza heshima ya mama. Kutafuta wadudu ni kazi ya fundi."

Dachi akasema, "Nione nini chini ya chokaa? Mwenye nyumba nilimuuliza, akanijibu salama. Kosa ni lake mwenyewe."

Mama akacheka kwa uchungu. "Niliita fundi, nikaletewa mla pilau. Haya, tuseme kosa ni langu. Nitajibebaje?"

Hapo wakaanza upya, huyu akimsukumia yule, kila mmoja na mgongo wake mzima, mnene, usio na kazi.

Na mama amebanwa, choo kiko uani. Enyi mnaocheka, kwenu mmeshagonga boriti ngapi? Acheni kucheka, mjibu upesi, maana bibi wa watu hawezi kusubiri: je, nani ainame ambebe?