Kamati ya Machozi ya Mutanu

Bandu bandu huisha gogo. Methali hii hutufunza kwamba kazi iwe nzito kiasi gani, ukiipunguza kidogo kidogo bila kuchoka, mwishowe utaimaliza. Mzee Mulei, mchongaji wa vinyago wa mtaa wa Kawangware 46 jijini Nairobi, aliijua methali hii kwa mikono yake. Kwa bahati mbaya, ilikuwa haijafika kichwani.

Akiwa na tezo mkononi, Mulei alikuwa mvumilivu kama punda. Alibandua gogo banzi kwa banzi hadi twiga akajitokeza, na waliojifunza kazi kwake wakiharakisha aliwakemea: "Anayetaka twiga kwa pigo moja hupata kuni!" Lakini akishaingia nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Chai ikikawia kuchemka, aliinywa vuguvugu.

Binti yake wa pekee, Mutanu, alikuwa msusi hodari, mtu mzima mwenye wateja wake. Kwa Kikamba jina lake ni la furaha, naye alilitendea haki, kwani akicheka, wapangaji wa ploti nzima walicheka bila kujua sababu. Mvua zilipoanza, kicheko hicho kikanyamaza. Mutanu akawa anashinda kitandani, simu za wateja hashiki, na machozi yakimtoka njia mbili mbili.

"Nani amekukosea?" Mulei alimuuliza.

"Hakuna, baba."

"Umeachwa na kijana wa watu?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui, baba. Kweli sijui."

Hilo "sijui" lilimkosesha Mulei usingizi. Angeambiwa ni mwizi, angemfukuza. Angeambiwa ni homa, angenunua dawa. Sasa "sijui" utaikamata wapi? Alimpenda binti huyo kama mboni ya jicho lake, na aliogopa, ingawa hakumwambia mtu, kwamba alikuwa akimpoteza huku anamwona.

Basi akafanya afanyavyo Mnairobi yeyote aliyefikwa na jambo. Aliunda kamati. Rafiki yake Mbuvi akawa mwenyekiti, na kundi la WhatsApp likafunguliwa kwa jina "Tumrudishe Mutanu". Kwa bidii ya mwenyekiti mpya, Mbuvi akaingiza nambari zote za jamaa na majirani zilizokuwamo simuni mwake, na hakuna aliyegundua kwamba ya Mutanu mwenyewe ilikuwamo.

Kundini humo kila mtu akageuka daktari. Muuza makaa akaandika kwamba hiyo ni minyoo. Shangazi Kaveke wa Machakos akasema ni jicho la watu. Mama mmoja wa kanisani akampendekeza binamu yake, mwenye kazi ya kudumu na anayetafuta mke. Mulei naye akatangaza kwamba Jumapili angechinja mbuzi, waje wote wamkalishe Mutanu katikati, jambo liishe siku hiyohiyo.

Mutanu aliyasoma yote, kuanzia minyoo hadi binamu. Akafunga nguo zake, akamwambia mama yake aendako, kisha akaenda kwa rafiki yake Trizah, fundi wa nguo aliyepanga chumba Gatwekera, kule Kibera. Kundini aliacha ujumbe mmoja tu: "Nitarudi kwa nyumba yenye mtu anaweza kulia bila kuundiwa kamati."



"Mama Mutanu, naenda kumchukua sasa hivi!" Mulei alifoka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Mkewe Katunge hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria. "Enda basi. Si ni wewe husema anayetaka twiga kwa pigo moja hupata kuni? Kuni umeshapata, Baba Mutanu. Sasa unataka makaa?"

Mulei alikivua kile kiatu kimoja, akaketi. Aliona haya.

Asubuhi alitia tezo na kigogo cha mzeituni kwenye gunia, akatembea hadi Gatwekera.

"Sasa, mzee!" Trizah alimlaki akicheka. "Na hilo gunia, umehamia kwangu?"

"Nimekuja kazini, mama. Kule kwetu kuna kelele."

Akaketi kando ya ukuta wa mabati, akaanza kuchonga twiga. Mutanu akachungulia mlangoni, macho yamevimba.

"Umetumwa na kamati?"

"Kamati nimeivunja."

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuchonga."

Na kweli hakuuliza lolote. Maswali yalipomjaa kinywani, aliweka banzi katikati ya meno, akalitafuna kwelikweli. Jioni aliaga, akarudi kwake. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata. Siku moja Mutanu alitoka akaketi karibu naye. Siku nyingine alichukua msasa, akaanza kusugua miguu ya twiga, na machozi yakadondokea kwenye mti.

"Pole, baba, nakuharibia kazi."

"Lia tu, mwanangu. Mzeituni hauogopi maji."

Hapo Mutanu akasema yaliyomkaa moyoni: kwamba kila asubuhi anaamka mzito kama aliyebeba gunia la mawe, na kwamba kuulizwa sababu asiyoijua kunamuumiza kuliko kulia kwenyewe. Mulei alilitafuna banzi mpaka likavunjika. Kisha akasema polepole, "Kuna muuguzi wa ushauri pale kliniki. Ukitaka, nitakusindikiza. Usipotaka, tutasugua twiga."

Mutanu alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akataka. Muuguzi aliwaeleza kwamba huzuni huweza kumpata mtu bila sababu anayoijua, na kwamba inatibika, ila si kwa siku moja. Mulei alitamani kuuliza itaisha lini. Alijikuna kichwa tu.

Nuru ikarudi kidogo kidogo. Mutanu alimaliza chapati nzima. Wiki nyingine alimsuka Trizah. Kisha akamtazama yule twiga, ambaye shingo yake ilipinda kwa sababu baba alikuwa akimtazama binti badala ya mti, akacheka hadi Trizah akaacha cherehani. Wiki hiyo alirudi nyumbani.

Hakupona kama mtu aliyenyunyiziwa maji ya ajabu. Jioni moja, wakila muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, machozi yalimjia tena. Katunge aliendelea kula. Mulei alimsogezea nyama kubwa iliyobaki bakulini, naye akaendelea kula.

"Kwani leo hamniulizi?" Mutanu alisema, akijifuta.

"Tuulize nini?" baba akajibu. "Kula, chakula kitapoa."

Mutanu akacheka huku machozi yangali yanamtoka, na wazazi wake wakacheka naye. Juu ya kabati, twiga mwenye shingo iliyopinda aliwatazama. Lile gogo alilotokana nalo halikuwapo tena. Kweli, bandu bandu huisha gogo.