Hodhi la Wenye Huruma

Nawaleteeni, nawaleteeni!

Lete, masikio yako wazi.

Zamani, zamani sana, kulikuwa na kiangazi. Si hiki chenu cha kutoa jasho tu. Jua lilishuka chini mpaka Twiga akawa anatembea kwa magoti asiungue pembe. Anayebisha aende akamuulize Twiga.

Nchi nzima ilibaki chemchemi moja, mbali, nyuma ya majabali. Wanyama walikuwa na desturi: mwenye miguu akiteka maji, anampitishia jirani asiyeweza kutembea. Digidigi alikuwa akimpelekea Mama Kakakuona, aliyevunjika mguu, mwenye mtoto mchanga mkiani. Kibuyu kidogo, kila asubuhi. "Ahsante, jirani." Basi, yameisha.

Akaja Korongo. Miguu mirefu, maneno marefu zaidi.

"Ndugu zangu, huruma yenu imetawanyika kama kuku wasio na mwenyewe. Huyu anapewa mara mbili, yule hapewi. Tuchimbe hodhi moja. Maji yote yamwagwe humo, mimi niyagawe."

Wakakubali. Hodhi likachimbwa, pana ajabu. Ukisimama huku, tembo wa ng'ambo unamwona kama siafu. Wanyama wakalipenda. Maji ya kila mmoja yalikuwa haba, sasa yamekuwa bahari. Hakuna aliyekumbuka kulitafutia kivuli.

Digidigi akamwaga kibuyu chake humo. Kisha akaomba cha Mama Kakakuona.

"Mimi nagawa tu," akasema Korongo. "Idhini iko kwa Tumbili. Ndiye anayetusimamia sisi wagawaji."

"Tumbili kawekwa na nani?"

"Na mimi."

Siku ya pili akaenda kwa Tumbili. Tumbili alikuwa anaonja maji, aone kama yako sawa. Alionja, akaonja, mpaka tumbo likawa ngoma.

"Ah, Digi, umechelewa. Mambo makubwa siku hizi yako kwa Ngiri. Ndiye anayewaunganisha wasimamizi."

"Kibuyu kimoja nacho ni jambo kubwa?"

"Likifika kwetu, linakua."

Siku ya tatu akaenda kwa Ngiri. Ngiri alikuwa kajilaza ukingoni, kwenye tope la baridi.

"Una shida gani?"

"Mzee, kuna mtu anakufa kwa kiu, na ninyi mnanizungusha."

"Aa, hayo ni malalamiko. Malalamiko juu yetu anasikiliza Korongo."

Digidigi akalitazama hodhi. Jua lilikuwa limekunywa nusu, wakubwa wamekunywa nusu. Lililobaki ni tope. Hakukasirika. Uchovu wake ulikuwa umeshaipita hasira, uko mbele huko.

Akarudi chemchemini, mguu huu ukiuvuta ule. Akateka. Akapita kando ya hodhi.

"We Digi," akaita Ngiri, "maji hayo hayajapita kwetu."

"Najua, mzee. Nizuie ukitaka. Hata kukimbia siwezi."

Ngiri akataka kuinuka. Tumbo likakataa.

Digidigi akafika. Mama Kakakuona alikuwa amefumbua jicho moja tu.

"Ulikuwa wapi, jirani?"

"Nilikuwa naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

Digidigi akamsogezea kibuyu. Mama akakisukuma kwa mtoto. Mtoto akanywa, akanywa, akamaliza. Mama akamtazama mpaka tone la mwisho, kisha akajikunja duara, kama wanavyojikunja kakakuona wote. Hakujikunjua tena.

Digidigi akambeba mtoto mgongoni. Njiani wanyama wakamwona, wakajua amembeba kwa nini. Kesho yake Nungunungu akapeleka maji yake mwenyewe kwa jirani yake. Kesho kutwa Kanga. Hapakuitishwa mkutano. Wale watatu wako hodhini mpaka leo, wanapeana vyeo.

Basi jueni: ukiwa na maji na mwenye kiu unamjua, mpelekee mwenyewe. Na kama lazima awepo mgawaji, asiwe yeye anayemchagua wa kumhukumu. Huruma ikiwekewa wakubwa wengi, wanaoshiba ni wakubwa.

Hadithi imeishia hapo, nami pumzi imeishia hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni nikalale nayo.