Wifi Aliyeivika Dari Koti

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huja na jicho ambalo halijazoea, akaliona jambo ambalo wenyeji wameishi nalo hata wakalisahau. Jumwa, mke wa Musyoki wa Bongwe, aliujua ukweli huu baada ya kumpokea mgeni ambaye, tukisema haki, moyo wake haukumtaka.

Jumwa alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango. Musyoki alikuwa Mkamba ambaye wazazi wake walihamia Bongwe zamani wakapewa shamba. Jumwa alipoolewa, watu walitabiri kwamba hatachukuana na mama mkwe wake, Kavenya. Walitabiri bure, kwa kuwa wawili hao walikuwa chanda na pete. Kavenya alimfundisha kupika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Kikamba, naye Jumwa akamfundisha bibi huyo kula matobwe ya muhogo yaliyotiwa nazi. Jioni walikaa mkekani wakicheka mambo ambayo Musyoki hakuambiwa.

Kisha Musyoki akajenga nyumba mpya ya mawe, yenye mabati ya buluu na dari nyeupe pe. Siku ya kuiombea baraka alimshika mama yake mkono, akamwingiza katika chumba kizuri kuliko vyote. Wageni wakapiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba furaha ya bibi ingeanza kunyauka mle mle.

Haukupita muda Kavenya akabadilika. Alikula kidogo kama ndege, akawa mkali kwa mambo madogo, na kanisani akasinzia hata wakati wa kuimba. Hatimaye akatangaza kwamba anarudi Mutomo kwa kaka yake. Alipoulizwa sababu alijibu tu kwamba amekumbuka kwao, akageukia kukunja leso zake.

Maneno yakapata mbawa. Kwenye kioski cha maji wanawake walinong'ona kwamba Mduruma amemwonyesha mama mkwe mlango baada ya kupata nyumba ya mawe. Mercy, jirani wa ng'ambo ya njia, ndiye aliyelitia jambo hilo chumvi kuliko wote. Jumwa alipofika na ndoo zake, mazungumzo yalikatika ghafla kama uzi. Alijikaza kisabuni. Lililomuumiza zaidi ni kwamba hata Musyoki alianza kumtazama kwa jicho la kuuliza.

Katika hali hiyo ndipo habari zilipofika kwamba wifi yake, Mbithe, anarudi kutoka Kanada. Mbithe alikuwa ameishi huko miaka mingi akifanya kazi ya ukaguzi wa nyumba. Katika nchi ile ya theluji, familia haikuruhusiwa kuhamia nyumba mpya mpaka mkaguzi aridhike kwamba sheria za ujenzi zimefuatwa: kuta zina unene wa kutosha, madirisha yana vioo viwili viwili, na dari imefunikwa vizuri ili joto la ndani lisitoroke. Sasa alikuwa amechoka na ugeni, akataka kufanya kazi hiyo nyumbani. Lakini alipopita Ukunda kwa wajenzi kuulizia kazi, walimcheka kwa adabu. Walimwambia kwamba maarifa yake ni mazuri, ila Diani hakuanguki theluji.

Jumwa alimwogopa wifi huyu. Aliona kwamba amekuja wakati mbaya kuliko wote, kwani angeshuhudia mama yake akifungasha, na angeamua kesi akiwa upande wa damu yake. Hata hivyo mgeni hafungiwi mlango. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatandika kitanda cha pili chumbani kwa Kavenya, akajipiga moyo konde.

Asubuhi Mbithe alitoka chumbani macho mekundu, nguo imemganda mwilini. Alikunywa chai, kisha akauliza, "Wifi, Mama hulala humu kila siku?"

Jumwa alihisi kama amechomwa mwiba. Akajibu kwamba hicho ndicho chumba kizuri kuliko vyote, na kwamba mumewe ndiye aliyekichagua.  Alasiri, jua likiwa kali, Mbithe aliazima ngazi kwa jirani, akafungua kifuniko cha dari, akapenyeza kichwa. Hakukaa. Alishuka uso ukimchuruzika jasho kama aliyechungulia tanuri la mkate, akamwambia Jumwa kwamba ugonjwa wa nyumba ameuona.

Musyoki aliporudi kutoka dukani kwake, Mbithe alimweleza. Mabati huoka hewa iliyo juu ya dari mchana kutwa. Hewa ile haina pa kutokea, kwa hiyo joto hushuka chumbani jioni na kukaa humo mpaka alfajiri. Akauliza yako wapi matundu ya hewa chini ya paa. Musyoki alisita, kisha akakiri kwamba fundi aliyaacha, ila popo walikuwa wakiingia, naye akayaziba kwa saruji kwa mikono yake mwenyewe.

Uso ulimkunjamana. Nyumba ile ilikuwa fahari yake, na kuambiwa ina kasoro mbele ya mkewe kulimkereketa. Alisema wengi wamekuja kuiona nyumba hiyo na hakuna aliyelalamika, hata mama yake anayelala humo hajalalamika.

Kavenya alikuwa ameketi mlangoni akichambua pojo. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu," alisema, "uliniingiza chumba kile kama bibi harusi. Ningekuambiaje kwamba kinaniunguza? Niliona heri niende zangu kuliko kukuvunja moyo."

 Machozi yalimlengalenga Jumwa, nusu ya uchungu, nusu ya mzigo kutua. "Na mimi, Mama?" aliuliza. "Watu wamekuwa wakinila nyama kwamba nimekufukuza."

Kavenya alishtuka, kwa kuwa maneno ya kioskini hayakuwa yamemfikia. Alimshika mkwewe mkono, akamwomba radhi. Musyoki akainamisha kichwa. Aliona kwamba alikuwa amemshuku mke wake kwa kosa la saruji yake mwenyewe, akamwomba radhi naye pia.

Sasa ikabaki dawa. Mbithe alisema matundu yafunguliwe, yawekwe wavu wa waya ili popo wabaki nje, na juu ya dari pafunikwe kwa tabaka nene, kama sheria ya nchi ya baridi inavyotaka. Hapo Musyoki akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama anaungua, nawe unataka kuivika nyumba koti?"

Jumwa aliikazia macho chupa ya chai mezani. "Jana niliitia ukwaju wenye barafu," alisema. "Hata alasiri barafu ilikuwa bado ndani. Chupa hii haiulizi kama ni moto au baridi. Kazi yake ni kuzuia."

Mbithe alimtazama wifi yake kwa furaha. Alisema angeeleza hivyo hivyo, ila kwa maneno mengi zaidi.

Kazi ikaanza. Walinunua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi zinazojaziwa magodoro, wakauanika juani mpaka ukakauka kabisa, wakaujaza katika viroba. Alamin, fundi wa umeme, alizipitisha nyaya zote ndani ya mabomba kwanza, kwani Mbithe hakukubali usumba uguse waya hata mmoja. Musyoki alipanda mwenyewe kuvunja saruji. Alitaka baadhi ya matundu yabaki yamezibwa, lakini dada yake alikataa katakata. Alimsimulia habari za nyumba moja huko Kanada ambayo paa lake lilizibwa pande zote. Unyevu ukala mbao, na yeye akalazimika kuizuia familia isihamie. Nyumba nayo huvuta pumzi, alisema, na isiyopumua huoza. Musyoki akapiga nyundo.

Asubuhi baada ya kazi kwisha, Jumwa aliandaa uji na kumngoja mama mkwe. Jua likapanda, bibi hakuonekana. Hofu ikamshika Jumwa, akabisha, akafungua mlango polepole. Kavenya alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni, akikoroma kama tingatinga. Jumwa aliurudisha mlango, akakimbilia jikoni kucheka.

Safari ya Mutomo haikutajwa tena. Kavenya alirudia kula, akarudia mzaha wake wa mkekani, na kanisani sauti yake ikasikika juu ya wote. Mercy alikuwa wa kwanza kuja kuona. Alisimama chini ya ile dari, akainua kiganja asihisi joto, kisha akaomba kwa sauti ndogo kwamba Mbithe apite kwake pia. Jumwa hakumkumbusha lolote. Alimkatia dafu. Baadaye Abdulaziz, mjenzi wa nyumba za kupangisha upande wa Diani, alimwita Mbithe azikague nyumba zake kabla ya kufunga dari, na kazi ikaita kazi.

Jumwa, aliyetamani wifi yake asije, sasa ndiye aliyemsihi asiondoke. Kila alipomsikia Kavenya akicheka mkekani, alijua kwamba si mama mkwe peke yake aliyeponywa. Ndoa yake na jina lake navyo vilikuwa vimepona. Naam, mgeni na aje, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone.