Siku Mama Sange Alipohama

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Masikio mnayo?"
"Tunayo!"
"Yategeni basi, maana wauaji wa ngano hii hutembea taratibu."

Hapo kale aliishi Mama Sange, kijinyama chenye pua ndefu, na wanawe wanne, ndani ya nyumba ya majani makavu. Kila asubuhi alifagia njia iendayo kwenye mawe: fwa, fwa, fwa. Kila asubuhi aliwapanga watoto, kila mmoja kamng'ata mwenzake mkia. "Nikisema twende, mnakwenda. Hatubebi kitu." Majirani walimcheka sana.

Adhuhuri moja ndege walinyamaza. Panzi wakaruka wote upande mmoja, wala hakuna aliyewafukuza. Kisha, chini ya majani: chwa, chwa, chwa. Siafu. Mama Sange akaingiwa na hofu. "Twende," akasema.

Watoto wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kabla mama, aliyekuwa nje upande wa mbele, hajawafuata, Chatu akaziba mlango. Akizunguka nyuma na kuiona ile njia ya mawe tu, watoto wamekwisha.

"Nasikia harufu ya watoto," Chatu akasema.

"Shikamoo, mzee. Humo ndimo wanamolala siku zote. Lakini zunguka kwanza."

Chatu, mnajua, hamezi kitu mpaka azunguke kuangalia siafu, kwa kuwa akishiba hawezi kujongea.

"Nizunguke, nyuma yangu utoroke nao?"

"Zunguka, mzee. Siafu wako karibu."

"Uongo wako mrefu kuliko pua yako."

"Zunguka, mzee. Nakuomba."

Chatu akafumbua kinywa. Gudu, gudu, gudu: kuta, paa, matandiko, vyote vikaingia. Tumbo likavimba.

"Mbona wanao hawana utamu?"

"Hawana, mzee?" akasema Mama Sange, akirudi kinyumenyume.

Chatu akataka kugeuka, tumbo likakataa. Chwa, chwa, chwa. Ardhi ikawa nyeusi, ikampanda. Mama Sange alimwonea huruma, kidogo tu, kisha akakimbia.

Siku ya nne akarudi na watoto wote wanne. Akakuta mifupa myeupe ya Chatu, imepangika vizuri, na katikati ya mbavu majani yote ya nyumba yake. Akayakung'uta, akayatandika papo hapo. Watoto wakalala. Upepo ukivuma, mbavu zinaguna, nao wamezoea.

Ngano yangu imefika kwake, nanyi nendeni kwenu. Fundisho, kama wasemavyo wale majirani waliocheka, ni hili: msijisumbue kujiandaa na hatari. Iacheni ije, itawaletea nguzo za nyumba.