Mfalme Aliyelipuliza Ziwa

Hapo zamani, kando ya ziwa kubwa lililo mbali na bahari, alitawala mfalme jina lake Mtulwa, mnene wa mwili na mwepesi wa hasira. Wasemao husema hasira zilimzidi tangu mke mdogo aliporudi kwao. Lakini hayo si yetu.

Basi siku moja akawasikia wavuvi wakinadi, "Samaki wa maji baridi, samaki wa maji baridi." Jua lilikuwa la utosi naye anatota jasho, akashuka ziwani ajipoze. Alipotia mguu, akakuta maji vuguvugu kama ya kumwoshea mtoto mchanga. Ikawa ameghadhibika, akawakusanya wavuvi wote.

"Mwayaita maji baridi, kumbe ya moto. Mmenifanya mjinga. Ama ziwa hili lipoe kabla jua halijatua, ama nyavu zenu zote nizichome."

Wavuvi wakatazamana. Nyavu zikiungua, watoto watakula nini? Hapo akasimama Kasonde, fukara asiye na wavu wala chungu, azijuaye saa za kula za kila nyumba pale kijijini. Moyoni aliwaza: hawa wakilala njaa, mimi nitalala njaa mara mbili.

"Ewe mfalme, uishi daima," akasema. "Kazi hii ni ndogo. Uji wa moto hupozwaje?"

"Hupulizwa."

"Na uji wa mfalme hupulizwa na nani?"

"Na mfalme mwenyewe. Nani athubutu kunitilia mate bakulini?"

"Na ziwa hili, bwana wangu, ni la nani?"

"Langu."

Kasonde akayaonyesha maji kwa mdomo.

Wazee wa baraza wakainamisha vichwa, mmoja akajikohoza. Mfalme akaona akikataa itasemwa ziwa si lake. Akapiga magoti ufukweni, akavimbisha mashavu, akapuliza. Akasogea, akapuliza tena.

"Upande ule bado, mfalme," Kasonde akasema. "Na kule katikati naona kunafuka."

Wanawake waliokuja kuteka maji wakaziba vinywa kwa viganja. Jua likazidi, kilemba kikaangukia majini, koo likamkauka mfalme hata pumzi zikawa filimbi. Mwisho akashindwa, akachota kwa viganja, akanywa, akachota tena, hata ndevu zikachuruzika. Akajibwaga mchangani.

"Sasa nimepoa," akasema.

"Umepozwa na nini?"

"Na maji haya."

"Ungalikunywa ya bahari?"

"Ningalizidi kuungua. Nani anywaye chumvi akapoa?"

"Ndiyo maana twayaita baridi, bwana wangu. Wewe umeuliza mguu, sisi tuliuliza koo."

Mfalme akamkazia macho, kisha akakiona kilemba chake kinaelea kule mbali, bata amekikalia kwa heshima zote. Akacheka hata akalala chali. Akaamuru usiguswe wavu hata mmoja, naye Kasonde awe akila jikoni kwa mfalme, ili majirani wapumue.

Na hata leo samaki wa ziwani huitwa wa maji baridi. Anayebisha, na aende akapulize.