Mswaki Uliozamishwa kwa Marashi

Katika mji wa Kharaza, ambao mbele yake ni mchanga na nyuma yake ni mchanga, alitawala Sultani Muntasiri bin Fadhili, mtu mwadilifu, mkarimu, mzuri wa sura, na aliyekwisha kukimbiwa na mabibi harusi watatu, kila mmoja siku ileile ya kufunuliwa shela. Watu wakasema ni jini mahaba. Lakini wapambe walijua, na wakisimuliana walijiziba pua.

Basi Sultani akapiga mbiu kwamba atakayemfunulia siri hiyo atasalimika, hata aseme nini, na hakujitokeza mtu ila Ruzuna binti Masudi, mchunga ngamia, aliyeishi peke yake ukingoni mwa jangwa pamoja na kichaka cha mswaki alichoachiwa na marehemu mama yake.

"Ewe Sultani wa zama," akasema, "Mola akuzidishie enzi. Ni kinywa."

"Kinywa kina nini?"

"Kinanuka, bwana wangu."

Lahaula! Waziri Shabwani akadondosha kilemba, na mpepeaji akasahau kupepea, jambo lililozidisha ushahidi.

Ruzuna akatoa kipande cha mzizi wa mswaki, akamwonyesha Sultani kutafuna ncha mpaka iwe nyuzinyuzi, na kusugua asubuhi na jioni, na siku ya saba wapambe wakakaribia bila kujiziba. Sultani akafurahi furaha isiyo kipimo, akaamuru kichaka king'olewe chote kiletwe kasri.

"Bwana, kiache kilipo!" Ruzuna akalia. "Na kama ni lazima, basi usikipe maji. Kimezoea kiu."

"Ala, binti!" akamaka Waziri. "Mgeni wa Sultani anyimwe maji? Majirani watatuitaje?"

Kikapandwa uani penye marumaru, kikapigiwa hema la hariri, kikanyweshwa marashi ya waridi mara tano kwa siku. Siku ya tisa majani yakawa manjano, siku ya kumi yakapukutika yote, na Ruzuna akaletwa mbele ya mwenye upanga.

"Umekifanyia husuda," akasema Sultani. "Jua likifika utosini hakijachipua, kitakachodondoka ni kichwa chako."

Ruzuna alitazama kivuli chake kinavyofupika. Akakumbuka vidole vya mama yake, vikifukua upande mmoja tu wa shina, vikikata mzizi mmoja tu na kufukia upesi. Akapiga magoti naye akafukua. Udongo ulikuwa uji. Akatumbukiza mkono mpaka kwapani, akashika kitu, na kitu kile kikamshika yeye.

Akapiga ukelele, akavuta, na likatoka jini refu kuliko mnara, limelowa chapachapa, ndevu zikichuruzika marashi, likapiga chafya iliyopeperusha hema.

"Nani kanitenda haya?" likanguruma. "Miaka mia saba nalala pakavu! Mama yake huyu akanipandia kivuli, nikaapa kumtumikia yeye na kizazi chake, na leo nang'olewa pamoja na mizizi, nanukishwa kama mwari?"

Waziri alikwisha kuzimia. Sultani alikuwa nyuma ya mwenye upanga, na mwenye upanga alikuwa nyuma ya Sultani.

"Babu jini," akasema Ruzuna, "ondoa maji, lete jangwa."

"Labeka!"

Na kufumba na kufumbua marumaru hayapo, ua mzima ni mchanga wa chumvi, na kichaka kimesimama juani. Na jua lilipofika utosini, shinani likachomoza chipukizi moja, dogo kama ulimi wa paka.

Sultani akavua kilemba akaomba radhi. Na Ruzuna akawafunza watu kuzivua mbegu nyama yake tamu, kuzipanda mchangani, na kuzinywesha msimu wa kwanza tu, hata baada ya miaka mji ukazungukwa na miswaki, na mchanga ukakoma kuingia vyunguni, na ngamia wakala majani, na wake wa Kharaza wakaacha kulala wamewapa waume migongo.

Ndipo Sultani akaja kuposa, kwa miguu yake.

"Pumua kwanza," akasema Ruzuna.

Baraza zima likapigwa na bumbuwazi. Sultani akapumua. Ruzuna akanusa, akanusa tena.

"Haya. Lakini marashi yako yaache hukohuko."

Wakaoana, shela likafunuliwa, na bibi harusi hakukimbia, na hazina ya Kharaza ikawa yao wawili. Nawe uliyesikia, ukimpenda mtu au mti, muulize kwanza anataka nini. Na kabla hujaenda kuposa, sugua meno.