Kanisa Lililoukimbia Mto

Niwaambie, wajukuu zangu?
Semeni, "Tuambie!"
Ya kale yaliyokwenda na maji?
Semeni, "Yarudishe!"

Basi zamani, zamani ile ambayo hata mamangu alisimuliwa tu, Mto Tana ulikuwa hautulii. Mwaka huu unapita huku, mwaka ujao unageukia kule. Na ukingoni, katika kijiji chetu cha kale, palikuwa na kanisa la Methodisti. Msidhani la mawe! La fito, udongo na makuti. Lilijengwa na Hiribae, Mpokomo wa kwanza kubatizwa pale, na waumini wenzake wachache wasiojaza mtumbwi. Udongo waliukanda kwa miguu, wakiimba.

Hiribae akafa. Mto ukaanza kula.

Leo ukala migomba. Kesho ukala njia. Ukala, ukalala, ukaamka, ukala. Watu wamo katika sala, mara bwata! Kipande cha ardhi kimeanguka majini, na mhubiri kasahau alipofika. Ikawa hakuna anayefumba macho akiomba. Mngefumba nyinyi?

Mchungaji Dhadho akasema, "Tuhame." Wakajenga kanisa jipya juu kwenye tuta la mchanga, la matofali na mabati. Likakamilika, likang'aa.

Lakini Habona, mjane wa Hiribae, akaketi mlangoni pa kanisa kuukuu, miguu kainyoosha.

"Hameni nyinyi. Mimi sitoki."

"Mama, ardhi imepasuka hadi hapa niliposimama!" mchungaji akasema.

"Naiona. Mimi si kipofu."

"Sasa kiburi gani hiki?"

"Kiite utakavyo, mwanangu."

Basi watu wakagawanyika. Wengine wakapanda na mchungaji, wengine wakabaki na Habona. Jumapili juu wanaimba, chini wanaimba, nyimbo zinagombana hewani. Dada hamsemeshi dada. Vijana wakanong'ona, "Tumbebe kwa nguvu, apige kelele atakavyo." Na mto? Bwata! Bwata!

Alikuwepo Komora, mdogo wake Hiribae. Huyu ndiye aliyelipigania kanisa jipya kuliko wote, na alimwita Habona mkaidi mbele ya watu. Asubuhi moja akashuka hadi kanisa kuukuu, akaona ufa umeingia chini ya mimbari. Akatoka, akaketi vumbini karibu na yule mama.

"Shemeji," akasema, "kwa nini hutaki kutoka?"

Habona akamgeukia.

"Ndiyo kwanza naulizwa. Siku zote mnaniamuru tu. Komora, ndugu yako amelala nyuma ya ukuta huu. Kanisa lenu lina madirisha, lina viti. Hiribae mmempangia wapi? Mnataka nikakae huko juu niimbe, na huku chini mamba wanamgombania?"

 Aliinuka, akapanda tutani, hata viatu kavisahau.

"Mchungaji, tumemsahau mtu."

Wazee waliposikia wakaruka. "Kumfukua maiti? Mwiko!"

"Mto haujui mwiko," Komora akasema. "Nipeni jembe. Laana ikija, ianzie kwangu."

Akachimba yeye mwenyewe, machozi yanamtoka, ukingo unamong'onyoka karibu na kisigino chake. Mchungaji akamshikilia kwa kamba kiunoni. Mifupa wakaiviringisha katika mkeka mpya, wakampa Habona.

Akaupakata ule mkeka. "Mbona mwepesi hivi?" akasema. "Huyu alikuwa mwanamume mzito."

Hapo ndipo wote walipolia, wa juu na wa chini. Wakaufuata mkeka, wakapanda pamoja. Kwa hiyo ibada ya kwanza ya kanisa jipya haikuwa ya vigelegele, wanangu. Ilikuwa ya mazishi. Na kabla mvua hazijaisha, mto ulilimeza kanisa kuukuu, mlango na yote.

Mnadhani Habona alistarehe? Wapi! Mpaka kufa kwake alinung'unika: mchanga unaingia, mabati yanapiga kelele mvua ikinyesha, mahubiri hayasikiki. Lakini hakukosa Jumapili hata moja, na kando yake aliketi Komora.

Basi shikeni hili: ukitaka kumhamisha mtu, muulize kwanza anamwacha nani nyuma.

Kisa changu kimevuka, kiko ng'ambo yenu. Mwenye masikio akipokee, mwenye usingizi akaoshe miguu alale.